MABASI YA UINGEREZA YALIENDESHWA NA NANI?

Iko sifa moja ambayo Waingereza hawachoki kujipigia, nayo ni sifa ya reli na mabasi yao ya zamani. Hatuwakatalii. Reli ya Stockton na Darlington ilifunguliwa mwaka 1825, na ile ya Liverpool na Manchester mwaka 1830, wakati ambapo msafiri karibu pote duniani alitegemea mnyama, tanga au miguu yake mwenyewe. Tarehe 3 Julai 1938 gari la moshi liitwalo Mallard lilifikia mwendo wa maili 126 kwa saa, na mpaka leo hakuna gari la mvuke lililothibitishwa kulipita. Basi jekundu la ghorofa, lile Routemaster ambalo picha yake imeenea dunia nzima, lilianza kubeba abiria mjini London mwaka 1956 na likadumu katika njia za kawaida mpaka 2005. Haya yote ni kweli, nasi twayasema bila kinyongo.

Lakini chuma hakijiendeshi. Vitabu vya sifa hizo vimejaa habari za rangi ya mabasi, upana wa magurudumu na idadi ya viti. Ukitafuta habari za watu waliokata tiketi na kushika usukani, utafunua kurasa nyingi bure. Sisi twauliza habari za watu hao.

Baada ya vita kuu iliyokwisha 1945, Waingereza wengi waliikimbia kazi ya basi. Viwandani mshahara ulikuwa mzuri zaidi, na kule kwenye mabasi mtu aliamshwa alfajiri leo, kesho akarudi kwake usiku wa manane. Basi mwaka 1956 shirika la London Transport lilikwenda kuandika watu katika kisiwa cha Barbados, wakati huo koloni la Uingereza. Serikali ya kisiwa iliwakopesha nauli, nao wakailipa kidogo kidogo kutoka katika mishahara yao. Maelfu ya watu wa visiwa vile walikuja kuyaendesha mabasi na treni za London. Zama zile za fahari zilisimama juu ya mabega yao pia.

Hayo ni ya London. Sasa natuende Bristol, mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya watumwa. Kampuni ya mabasi ya huko, Bristol Omnibus Company, ilikuwa na upungufu wa madereva na makondakta, na papo hapo ilikataa kumwajiri mtu mweusi au Mwasia kwa kazi hizo. Karakanani walikubaliwa; mbele ya abiria, hapana. Mwaka 1963 kijana wa Kijamaika, Guy Bailey, mwenye umri wa miaka 18, aliombewa usaili wa ukondakta. Nafasi zilikuwapo. Ilipofahamika kwamba ni mtu mweusi, usaili ukafutwa.

Na hapa twaomba msomaji asipite upesi. Kampuni hii haikuwa ya tajiri mmoja mwenye roho mbaya. Ilikuwa mali ya taifa la Uingereza. Wapo wanaodhani kwamba shirika likishatiwa mikononi mwa umma, ubaguzi unajifia wenyewe kama taa iliyokwisha mafuta. Bristol yawakanusha. Tena chama cha wafanyakazi, ambacho kazi yake ni kumtetea mnyonge, tawi lake la mji ule lilipitisha azimio mwaka 1955 kwamba watu wa rangi wasitiwe katika kazi za ndani ya mabasi. Waliogopa kwamba mishahara ingeshuka na saa za ziada zingepungua. Bwana mkubwa na mfanyakazi, ambao kila siku walivutana juu ya senti, katika jambo hili moja walipatana vizuri sana!

Paul Stephenson, Roy Hackett na wenzao hawakuomba huruma. Wakikumbuka watu weusi wa Montgomery, Marekani, waliosusia mabasi tangu Desemba 1955, walitangaza kwamba kuanzia tarehe 30 Aprili 1963 mabasi ya Bristol yasusiwe. Watu wakaenda kwa miguu. Wanafunzi wa chuo kikuu, wengi wao Wazungu, waliandamana. Learie Constantine, balozi wa Trinidad na Tobago huko London, alisema waziwazi kwamba jambo lile ni baya. Baada ya miezi minne wafanyakazi wa mabasi walikutana na kukubali ubaguzi uondolewe, na tarehe 28 Agosti 1963 kampuni ikatangaza kwamba umekwisha. Mwezi uliofuata Raghbir Singh, Kalasinga, akawa kondakta wa kwanza asiye Mzungu katika mabasi ya Bristol.

Reli nazo zilikuwa na yao. Mwaka 1966 Asquith Xavier, mtu wa Dominica aliyekuwa gadi wa treni katika stesheni ya Marylebone, aliomba kuhamia Euston, akakataliwa kwa rangi yake. Sheria ya 1965 dhidi ya ubaguzi haikumfaa kitu, kwa kuwa haikugusa mambo ya ajira. Hayo yaliingizwa katika sheria ya 1968. Baada ya kelele nyingi amri ile iliondolewa, na Agosti 1966 Xavier alianza kazi Euston, huku akipata barua za kumtisha kumwua.

Mwaka ule ule wa mgomo wa Bristol, 1963, Dk. Beeching alipendekeza stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe, na Waingereza wanazililia stesheni hizo mpaka leo. Bailey na wenzake walingoja zaidi. Chama cha Unite, kilichorithi chama kile cha wafanyakazi wa mabasi, kiliomba radhi kwa yaliyotendeka Bristol mwezi Februari 2013.