Aliyechelewa Asisingizie Uafrika

Uchelewaji vyuoni na maofisini una watetezi wengi, na hoja zao zinajulikana. Tuzitazame.

“Sisi Waafrika ndivyo tulivyo.” Huko ni kujitukana. Mwadhini wa Zanzibar haadhini alfajiri kwa kujisikia, na mvuvi wa Kizimkazi hufuata maji, si usingizi wake. Tangu treni za reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania zianze safari mwaka 2024, abiria wa kwenda Dodoma wanawahi stesheni Dar es Salaam. Ndio hao hao wanaochelewa vikaoni. Treni haiwasubiri, sisi tunawasubiri.

“Foleni.” Ipo, lakini hata jana ilikuwepo. Likizuka la ghafla, mtu apige simu kabla ya saa ya miadi, siyo baada yake.

“Mkubwa ana mambo mengi.” Hapa ndipo panaponiuma. Mwanafunzi ameambiwa na msimamizi wa tasnifu yake aje saa tatu asubuhi. Ametoka Mbagala alfajiri, sura ya tatu imo kwenye bahasha, ameichapisha kwa hela ya chakula cha mchana. Anakaa kwenye benchi nje ya ofisi, anainuka kila anaposikia viatu kwenye ngazi. Saa sita mwalimu anapita: “Leo nimebanwa, njoo kesho.” Anajibu, “Sawa mwalimu, ahsante.” Aseme nini, na alama zake ziko mikononi mwa huyo huyo? Lakini siku atakapogundua kwamba takwimu zake zina kasoro, hataugonga mlango ule. Ataficha. Mambo mengi ni ya wote wawili. Tofauti ni kwamba mmoja hana wa kumlalamikia.

“Haraka haraka haina baraka.” Methali inakataza pupa, na mwenye pupa ni aliyechelewa: anaingia anahema, anaruka kurasa, anasaini asichokisoma.

“Nusu saa si kitu.” Kikao cha watu 12 kikichelewa nusu saa, zimepotea saa 6 za kazi. Baya zaidi, waliowahi ndio walioadhibiwa, na wiki ijayo nao watajivuta. Mwenyekiti na aanze saa iliyoandikwa kwenye barua ya mwaliko, na waliopo, bila kurudia ajenda kwa aliyechelewa, hata kama ni mkurugenzi.