Kiswahili cha Dansi na Kiswahili cha Kizuizi

Lugha ya Kiswahili imepewa vyeo vingi nchini Uganda, lakini haijapewa bado mapenzi ya wananchi. Mwaka 1973 serikali ya kijeshi ya Idi Amin ilitangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Pamoja na yote hayo, mwananchi wa Masaka au wa Mukono akiamkiwa kwa Kiswahili na mtu asiyemjua, jambo la kwanza afanyalo ni kumtazama miguuni aone kama amevaa buti.

Shauri ninalotaka kulitoa leo huenda likaonekana kuwa la mzaha, lakini nalitoa kwa dhati. Nasema kwamba njia mojawapo ya kukipatia Kiswahili mapenzi hayo ni muziki wa dansi. Na kwamba sisi wa majeshini, ambao watangulizi wetu walishiriki kukiharibia jina, ndio tunaopaswa kutangulia katika kazi hiyo. Shauri hili sikulipata darasani. Nililipata katika ukumbi mmoja mkubwa wa dansi jijini Dar es Salaam, usiku wa Jumamosi, nilipokuwa safarini kikazi.

Kabla sijasimulia niliyoyaona huko, yafaa tukumbushane jinsi Kiswahili kilivyotufikia. Kwa Waganda walio wengi hakikuja na mashairi wala hadithi. Kiliingia kambini tangu zama za King's African Rifles, jeshi la mkoloni lililowakusanya pamoja vijana wa makabila mbalimbali wasio na lugha moja. Kilikuwa lugha ya amri: simama, keti, leta, ondoka. Uhuru ulipopatikana, amri hizo zilitoka kambini zikashuka barabarani. Wazee wetu wanakumbuka vizuizi vya miaka ya 1970, ambapo mtu aliyeshindwa kuelewa swali aliloulizwa na askari aliweza kupoteza saa yake, gari lake au uhai wake. Wanakumbuka pia maneno "panda gari," yaliyogeuka kuwa jina la misako ya miaka ya mwanzo ya 1980, wakati raia walipozingirwa mitaani na kuamriwa kupanda malori, na wengine wasionekane tena. Kwa wenye Kiswahili chao, kupanda gari ni kusafiri kwenda harusini au sokoni. Kwetu ni maneno ambayo bado humfanya bibi kizee anyamaze ghafla katikati ya mazungumzo.

Si haki hata hivyo kusema kwamba lugha hii imetuletea mabaya matupu. Majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala mwezi wa Aprili 1979, wananchi waliyapokea kwa neno la Kiswahili, "wakombozi." Wapiganaji wa msituni wa miaka ya 1981 hadi 1986 waliunganishwa na Kiswahili, kwa maana mtu wa magharibi na mtu wa mashariki walihitaji lugha ya kuaminiana gizani. Siku yenyewe ya jeshi letu, tarehe 6 Februari, mpaka leo huitwa Tarehe Sita, wala hakuna anayeitafsiri. Lakini ukombozi nao ni mambo ya bunduki. Hatukupata kuisikia lugha hii ikitumika pasipo na bunduki karibu.

Sasa nirudi Dar es Salaam. Wenyeji wangu walinipeleka kusikiliza Msondo Ngoma, bendi kongwe ya nchi ile. Langoni palikuwa na mlinzi, kijana mrefu mwenye kifua kipana, ambaye kazi yake ilikuwa kupekua kila aingiaye. Aliniambia, "Samahani kaka, naomba nikukague." Neno "naomba" lilinigutusha. Mtu huyu alikuwa na haki ya kunipekua, na nguvu ya kunizuia nisiingie. Tena alikuwa akifanya kazi ile ile ifanywayo kizuizini. Lakini alianza kwa kutaka radhi, akaendelea kwa kuomba, na alipomaliza akasema, "Ahsante, karibu sana." Sikujiona nimedhalilishwa, wala yeye hakupungukiwa na madaraka yake hata kidogo.

Ndani kulikuwa na mamia ya watu. Nilitazamia kukuta vijana watupu. Nikakuta wazee wenye mvi na wake zao waliovaa vitenge vya sare, mafundi, makarani, walimu waliostaafu, na vijana pia. Anayeyajua madansi ya huko anafahamu kwamba wimbo hauanzi kwa fujo. Huanza polepole, magita yakisemezana, na waimbaji wakisimulia kisa: mume aliyesahau fadhila, ndugu waliogombea urithi, kijana aliyekwenda mjini asirudi kumzika mama yake. Wakati huo watu hucheza kwa utulivu huku wakisikiliza, na wengine hutikisa vichwa kana kwamba wapo barazani wanasikiliza shauri likiamuliwa. Kisha tarumbeta hulia, tumba huchachamaa, wimbo ukachemka, na hapo hapana mtu akaaye. Nilimwona mama mmoja akitoka mezani kwake machozi yakimlengalenga, akaenda akicheza hadi mbele ya mwimbaji, akamtunza noti, akarejea kuketi. Ubeti ulikuwa umemgusa. Sikupata kumwona mtu wa kwetu akilia kwa neno la Kiswahili isipokuwa kwa hofu.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, mgongo ukutani. Bibi mmoja wa makamo ya mama yangu alinisogelea. Nikainuka nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa kama uko lindoni? Dansi halichezwi kwa macho."

Hakujua kazi yangu, na wenyeji wangu walicheka hadi wakainamia meza. Nilicheza naye wimbo mzima, naye akawa ananielekeza kwa heshima ya mzazi. Baadaye bwana mmoja wa meza ya jirani, alipoitambua lafudhi yangu, aliniuliza nitokako.

"Natoka Uganda."

"Uganda! Basi wewe ni ndugu. Marehemu baba alifika Kampala mwaka 1979. Alirudi na maneno mawili tu ya Kiganda, 'oli otya,' na mpaka anaingia kaburini alikuwa akituamkia nayo kila asubuhi."

Nikamwambia kwamba sisi nasi tulibaki na neno lao, wakombozi. Akanishika mkono kwa furaha. Maneno mengine ya Kiswahili ambayo wazee wetu walibaki nayo sikumtajia, kwani usiku ule ulikuwa mzuri mno.

Ndugu msomaji, utamaduni huo haukujiotea kama uyoga. Ulipandwa na ukapaliliwa. Bendi niliyoisikiliza ilianzishwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, nayo ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mpinzani wake mkubwa, Mlimani Park, maarufu kwa jina la Sikinde, ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilinunuliwa na taasisi, na wanamuziki walilipwa mshahara kama waajiriwa wengine. Radio Tanzania iliwarekodi katika studio zake na kuzitangaza nyimbo hizo nchi nzima. Hivyo mtoto wa Kigoma na mtoto wa Lindi walijifunza maneno yale yale ya mapenzi na ya maombolezo kabla hawajajifunza sarufi.

La kutuhusu sisi zaidi ni kwamba majeshi ya huko hayakubaki nyuma. Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli. Polisi walikuwa na Polisi Jazz. Hizi zilikuwa bendi za dansi, mbali na zile za gwaride. Mwananchi aliyezoea kumwona polisi na rungu alimwona pia na gita, akamlipia kiingilio kwa hiari yake, akacheza. Sijui mkutano wa hadhara uwezao kujenga uhusiano wa namna hiyo kati ya askari na raia, ingawa kuandaa mikutano ya namna hiyo ni sehemu ya kazi yangu.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema kwamba Kiswahili kikipendwa kitazimeza lugha zetu. Namjibu kwa jina la Sikinde lenyewe: hilo ni jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa pwani ile. Dansi la Kiswahili liliichukua ngoma ya kikabila likaipandisha jukwaani, na leo wanaoitaja ni watu ambao hawajapata kufika Uzaramo. Kwetu Afrigo Band, iliyoanzishwa mwaka 1975, imekwisha kuthibitisha kwamba dansi la Kiganda lina nguvu zake. Hakuna aombaye liondoke. Tunaomba Kiswahili kipewe kiti karibu nalo. Tena Kiswahili hakimbagui mgeni: Remmy Ongala alizaliwa Kongo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978, na ni kwa Kiswahili alichokikuta huko alipotunga "Mambo kwa Soksi," wimbo uliowahimiza watu wajikinge na ukimwi wakati wengi waliona haya kulitamka jambo hilo.

Wa pili atasema kwamba madansi ni ulevi na uasherati. Ulevi upo, nami siutetei. Lakini vijana wetu wanakwenda kucheza kila mwisho wa juma, tutake tusitake. Kinachobaki kwetu kuamua ni maneno watakayorudi nayo vinywani. Ukumbi ambao mzee anaamkiwa shikamoo huku ngoma ikirindima ni shule ya adabu kuliko baadhi ya shule zetu.

Wa tatu atauliza habari ya fedha, na hapo ana hoja, maana Tanzania yenyewe inatupa onyo. Taasisi nyingi zilipojitoa katika muziki, wazee wa dansi waliachwa mikono mitupu. Muhidin Gurumo, aliyekuwamo NUTA Jazz tangu mwaka 1964 na aliyeshiriki kuiasisi Mlimani Park, alitangaza kustaafu mwaka 2013 baada ya kuimba kwa zaidi ya miaka 50. Ilipojulikana kwamba hakupata kumiliki gari maishani mwake, ni mwimbaji kijana, Diamond Platnumz, aliyemzawadia moja. Mwaka uliofuata mzee akafariki dunia. Taifa lililofundishwa kusema na sauti ya mtu huyo lilikuwa na deni kwake. Kwa hiyo tukianza, tuanze kwa kuwalipa wanamuziki haki zao, na hakimiliki ya nyimbo iwe yao na watoto wao.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, bendi zetu za majeshi, ambazo zinapuliza matarumbeta kwa ustadi mkubwa siku za gwaride, ziongezewe magita na waimbaji, na kila mwaka wiki ya Tarehe Sita, baada ya kazi za kujitolea za kufagia hospitali na kutibu wagonjwa, zipige dansi la Kiswahili bure kwa wananchi wa wilaya inayohusika. La pili, redio ya taifa itenge saa moja kila juma kwa nyimbo za dansi za Kiswahili, na mtangazaji aeleze maana ya maneno yake kwa lugha za wasikilizaji. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeagizwa kufundisha Kiswahili bila vitabu vya kutosha atakuwa amepata msaidizi. La tatu halihitaji fedha hata shilingi moja. Kila askari anayesimama barabarani kukagua magari afundishwe maneno manne kabla ya kufundishwa mengine yote: samahani, naomba, ahsante, karibu.

Kuna watakaoona kwamba hili la tatu ni dogo mno kuandikiwa gazetini. Wakawaulize waliopita vizuizini zamani. Watu hao hawakuichukia lugha kwa sababu ya ngeli zake. Waliichukia kwa sababu hakuna aliyepata kuwaambia "naomba" kwa lugha hiyo. Vyeo Kiswahili kimekwisha kuvipata bungeni na katika Katiba, nacho hakihitaji vingine. Kinachohitaji sasa ni kwamba mwananchi wa Luwero, akikisikia usiku kutoka nyumba ya jirani, asizime taa, bali atoke nje aulize ni wimbo gani huo.