Shule ya dansi haianzi na jengo



Kila ninapotaja shule ya dansi hapa Kirotshe, naulizwa swali lile lile: ukumbi uko wapi?

Kabla ya kujibu, tumtazame Faustin Linyekula, mcheza dansi na mtunzi wa dansi Mkongo. Mwaka 1997 alikuwa Nairobi, akianzisha kundi la dansi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 akafungua kituo chake, Studios Kabako, mjini Kinshasa, na 2006 akaihamishia Kisangani, mji ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yaliupiga mabomu kwa siku sita, Juni 2000. Majukwaa ya Ulaya yalikuwa yakimwita, naye akaenda kulea vijana wa Kisangani, katika dansi, muziki na filamu, hata Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo.

Sisi tuna ngoma za harusi, tuna kwaya, tuna vijana wanaoiga ndombolo kwenye simu. Mwalimu wa kuwakusanya hahitaji saruji kwanza. Apewe darasa moja alasiri, wanafunzi wakishatoka, watoto wafike nyumbani kabla ya giza. Apewe spika. Na alipwe! Hapo ndipo tunapoteleza: seremala tunamhesabia pesa yake, mwalimu wa dansi tunampa soda na makofi. Karo iwe ndogo, hata ya samaki wadogo, sambaza, kutoka ziwani, mradi itoke kila mwezi.

Wazazi wanaohofia binti zao wataharibika, waje wakae benchi la nyuma watazame mazoezi. Mimi nitakuwepo.

Mzazi,
Kirotshe, Masisi