Geti Jipya na Pumzi ya Fundi



Juma hili tutafakari juu ya kazi ya kuchomelea vyuma. Kazi hii imeipa milima yetu ya Usambara nafuu: kila dirisha la chuma huacha mbao msituni. Mti wa mkulo, ambao jina lake la kitaalamu, Ocotea usambarensis, limetokana na milima hii, ulikatwa mno kwa ajili ya mbao. Fundi chuma basi anastahili heshima.

Lakini chuma nacho kina moshi wake. Fimbo ya kuchomelea inapoyeyuka hutoa chembe ndogo mno za chuma na manganizi, zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Manganizi ikivutwa kwa miaka mingi hudhuru ubongo. Fundi akichomelea bomba lililopakwa zinki, jioni huweza kushikwa na homa na baridi, akadhani ni malaria. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi huu miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Miwani myeusi hulinda macho tu, haichuji hewa.

Wala madhara hayaishii karakanani. Unga wa chuma, rangi ya zamani iliyokwanguliwa, ambayo huweza kuwa na madini ya risasi, na tope la kabaidi lililokwisha kutoa gesi, vikitupwa mtaroni, mvua huvishusha mabondeni. Na maji yanayopita Soni hushuka hadi Mombo, yakaelekea Mkomazi na Pangani. Huko chini wapo wenzetu wanaoyatumia.

Je, tumlaumu fundi? La hasha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zipo. Lakini sisi tunaoagiza geti hubembeleza bei mpaka shilingi ya mwisho. Naye fundi, apate kula, huanza kwa kuacha barakoa yenye kichujio na pipa la taka. Tunachookoa sisi hulipwa na mapafu yake na maji ya jirani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi.

Kwa hiyo, tunapoagiza kazi ya chuma, iwe ya nyumbani au ya kanisa, tuulize: itafanyika penye hewa? Kwa kinga gani? Taka zitakwenda wapi? Kisha tulipe gharama hiyo bila kunung'unika, maana ni sehemu ya bei halali ya geti.

Mungu awabariki nyote.