Hiyo adabu yenu ndiyo shida

Wasee, wacheni kuniambia ati komedi ikigusa mauaji imekosa adabu.

Chukueni Killer Joe. Tracy Letts aliiandika kama mchezo wa jukwaani, ukaigizwa kule Evanston, karibu na Chicago, 1993. William Friedkin akaugeuza filamu 2011. Chris ana deni la wauza unga. Anapanga na babake mamake auawe ili wapate pesa ya bima. Muuaji wanayemkodi ni polisi! Hawana pesa ya kumlipa kabla ya kazi, basi anamtaka Dottie, dadake Chris, awe rehani. Na familia inakubali.

Marekani waliipa NC-17. Sawa, kama hujafika 18, ngoja. Lakini mimi damu haikunitisha. Kilichonitisha ni vile wanajadili msichana kwa utulivu, kama watu wanaopanga harusi. Hata huku kwetu kuna wasichana wameozwa ili deni liishe, na wazee wakakunywa chai.

Sinema ya machozi ningeihurumia, nilale. Hii ilinichekesha, halafu nikashtuka: kumbe nimecheka nikiwa nimeketi upande wa wale wanaouza.

Kama adabu ni kunyamazia hiyo meza, mimi sina.