Chupa ya mtanga

BARAZANI KILA IJUMAA
Na Mwanaisha Athman

Mtoto wa dada yangu aliagizwa shuleni apeleke chupa ya udongo. Alikumbuka saa kumi jioni, nasi tuko Biashara Street twachagua leso za harusi. Nikadhani ni kazi ya dakika mbili. Tukazunguka: lami, kabro, sakafu, ngazi za maduka. Mwarubaini tuliouona umezibwa saruji mpaka shingoni. Mwisho mama mmoja wa uchochoroni akatuchotea vijiko vitatu kwenye kopo la mrehani wake. "Mukimaliza munirudishie mtanga wangu," akasema. "Nimeununua Kisauni."

Tulicheka, lakini ana haki. Kisiwa chetu cha Mombasa ni jiwe la matumbawe, na udongo uliolifunika ni ngozi tu. Ukitaka kujua ngozi hiyo yapatikana kwa taabu gani, nenda Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi 1954, kikachimba jiwe mpaka pakabaki shimo jeupe. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akajaribu kupanda humo aina 26 za miti. Zilizoshika ni tatu, mvinje mojawapo. Hata hivyo majani ya mvinje yakianguka yalilala vile vile, hayaozi. Aliyeokoa kazi ni jongoo. Haller alimwona mmoja akiyatafuna, akaleta mamia. Kinyesi chao, kikishughulikiwa na bakteria, kikawa udongo, na leo pana msitu. Wageni tukiwapeleka twawasimulia urafiki wa Owen kiboko na Mzee kobe. Jongoo hana anayempiga picha.

Na jiwe kama lile lile, likishachomwa na kusagwa, ndilo tunalozibia udongo mjini. Masika yakija, mvua ya nusu saa yatosha wenye maduka kuinua marobota ya leso juu ya meza na kuilaani kaunti. Mitaro izibuliwe, naam. Lakini maji yaliyokuwa yanywewe na ardhi tumeyafungia mlango wenyewe, tena kwa fahari, kwa kuwa sakafu twaiita maendeleo na udongo twauita uchafu. Sisemi barabara ing'olewe. Nasema kila mti wa mtaani uachiwe hatua moja ya udongo wazi kuuzunguka, na fundi wa kabro aambiwe hivyo kabla hajalipwa.

Jumamosi tulirudisha chupa. Yule mama aliiinua mwangani, akaitikisa.

"Umepungua," akasema.