Wifi Apokelewe, Shemeji Ahojiwe

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunampenda Tippu Tip kuliko anavyostahili. Tunamsamehe mengi kwa sababu alitusimulia maisha yake kwa lugha yetu na kwa kinywa chake mwenyewe, na simulizi lile tunalihesabu miongoni mwa tawasifu za mwanzo za Kiswahili. Tunakumbuka pembe, bunduki, watumwa, Stanley. Anayesahaulika ni Karunde.

Karunde alikuwa binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, yaani Tabora hii hii ya stesheni na miembe. Aliolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip (mama yake Tippu Tip ni mwingine). Muhammed alikuja bara kama walivyokuja wenzake wote wa pwani: msafara, bidhaa na homa. Unyanyembe hakuwa na ukoo. Ndoa ndiyo iliyompa ukoo. Tangu hapo hakuwa tena mfanyabiashara wa kupita. Alikuwa mkwe wa mtemi. Kwa lugha ya leo tungesema Karunde alimpatia mumewe uraia.

Leo asingeweza.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kupata uraia wa tajnisi akiomba, wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamke. Sasa tafuta kifungu kinachomhusu mwanamume aliyeoa raia wa Tanzania. Usijisumbue, nimeshatafuta. Mume wa Mtanzania anapanga foleni moja na mwekezaji, mmisionari na mkandarasi wa barabara. Awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa humu jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Aonyeshe mchango wake kwa taifa. Kwamba amelala kitanda kimoja na raia miaka yote hiyo, na kwamba watoto wake ni raia, hakumwongezei hata alama moja.

Nina maslahi katika jambo hili na ni vizuri msomaji ayajue. Familia yetu ina kesi zote mbili. Kaka yangu alioa Mrundi wa Rumonge. Mimi nimeolewa na Mkongo wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wifi yangu hakupewa uraia kama peremende. Aliitwa, akahojiwa, akajibu, akaukana uraia wake wa zamani, akapata cheti chake. Sasa anapiga kura na anatusumbua sote kwa maoni yake ya siasa, kama raia mwingine yeyote. Mume wangu, aliyefika Tabora kabla yake, bado anatembea na hati ya mtegemezi. Anamtegemea nani? Mimi, mwandishi wa habari ninayelipwa kwa habari! Mtaani kwetu hakuna anayemjua kwa jina hilo la mtegemezi. Muuza mkaa, fundi baiskeli, mwenyekiti wa mtaa, wote wanamwita shemeji. Akifiwa mtu, shemeji ndiye anayetumwa kwenda kukodi maturubai.

Safari ya tajnisi ina vituo kama ilivyokuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Unatangaza nia yako gazetini, matoleo mawili mfululizo, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Unahojiwa ngazi ya chini, unapanda ngazi nyingine, faili linakwenda makao makuu, na mwisho linatua mezani kwa waziri. Waziri naye, kwa kifungu cha 23, halazimiki kutaja sababu ya kukubali wala ya kukataa, na uamuzi wake hauna rufaa. Wapenzi wa maneno mnajua kwamba hongo, kabla halijawa neno la aibu, lilikuwa ushuru ambao misafara iliwalipa watemi ili ipite. Sisemi kwamba kuna mtu aliyetuomba hongo ya siku hizi, hakuna. Nasema tu kwamba mtemi wa zamani alikuwa akitaja bei yake. Msafara ulijua vitambaa vingapi, ukalipa au ukazunguka.

Katika kikao kimoja, ambacho sitataja kilikuwa cha ofisi gani, nilikaa pembeni ya mume wangu akiulizwa. Maswali ya historia aliyajibu vizuri kuliko ambavyo ningeyajibu mimi. Wimbo wa Taifa anaujua. Kisha mzee mmoja mwenye upole kabisa, wala hakuwa na ubaya, akamuuliza: "Sasa mwanangu, kwa nini usimchukue mkeo mkaishi kwenu? Mwanaume gani anamfuata mwanamke?" Watu wakacheka kidogo. Mume wangu akajibu kwa adabu kwamba yeye "iko naishi hapa" na kazi ya mke wake iko hapa. Hapo mwingine akadakia: "Hicho Kiswahili ulichoongea ni cha wapi?"

Nilitamani kujibu mimi. Kiswahili hicho ni cha hapa, bwana! Kilipita hapa hapa kikielekea magharibi. Kilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi na waungwana wa pwani, kikapumzika Tabora, kikateremka Ujiji, kikavuka ziwa, kikafika Manyema na Kasongo, na huko watu wakakichukua, wakakipinda walivyotaka, wakazaa nacho watoto. Mtu wa Kalemie anapofungua kinywa Tabora ni kama mjukuu aliyerudi na lafudhi ya ugenini. Sisi ambao kila kukicha tunajigamba kwamba Kiswahili ni lugha ya Afrika, tunamcheka aliyekipokea. Hili lingetuuma sisi wa fasihi kabla ya kumuuma mwingine yeyote.

Lakini swali lililonikaa rohoni ni lile la mzee, kwa sababu ndilo lililoandikwa ndani ya sheria. Kifungu cha 11 hakikutokana na takwimu za usalama. Kimetokana na picha moja tu: mwanamke huolewa akahama, mwanamume huoa akabaki. Kwa hiyo mke mgeni anarudi nyumbani kwake, na mume mgeni anavamia nyumba ya watu. Wifi ni wa kwetu. Shemeji ni wa kuchunguzwa.

Wanaoitetea picha hiyo huiita mila. Mila ya nani? Fundikira alikuwa mtemi, si mwanaharakati, na alimpokea mkwe kutoka pwani bila kumwambia ambebe binti yake ampeleke Unguja. Sitaki kuipamba njia ile. Ndoa ya Karunde ilikuwa na harufu ya pembe za ndovu, na barabara ile ile ilipitisha wanawake ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kuolewa. Ninachosema ni kidogo zaidi: hata watu wa zama zile, kwa hesabu zao ngumu za biashara na vita, walielewa kwamba mgeni anaweza kuwa mwenyeji kupitia mke. Sisi wenye Katiba tumeshindwa kuelewa. Na Katiba yenyewe, ibara ya 13, inakataza ubaguzi na inataja jinsia kwa jina.

Tena mila imeshawahi kuburutwa mahakamani Kanda ya Ziwa na ikashindwa. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake huku ukoo ukisema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Kama mwanamke anaweza kuuza shamba alilorithi, kwa nini asiweze kumkaribisha mtu kwenye nchi aliyorithi? Nje ya mipaka yetu, Unity Dow wa Botswana aliishtaki serikali yake kwa sababu watoto wake wawili waliozaliwa ndani ya ndoa na Mmarekani hawakuhesabiwa Wabotswana, wakati mwanamume wa Botswana aliyeoa mgeni hakuwa na shida hiyo. Akashinda, na mwaka 1992 akashinda tena katika rufaa. Baadaye akawa jaji, na akawa mwandishi wa riwaya. Kesi yake ilihusu watoto, na hapo sheria yetu haina deni kubwa, maana mtoto anayezaliwa Tanzania na mama Mtanzania ni raia. Sasa ona kichekesho: tumbo langu linatoa uraia, ndoa yangu haitoi.

Hoja nyingine ni ya woga. Eti tukifungua mlango huu, wanaume wa mataifa watakuja kuoa dada zetu kwa ajili ya pasi. Jamani, kama hatari ni ndoa ya uongo, mbona mwanamke mgeni hawezi kufunga ndoa ya uongo na kaka zetu? Na mbona kifungu cha 11 hakimtaki akae ndoani hata mwaka mmoja kabla ya kuomba? Wakenya walikaa wakaandika katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 15: mtu aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kuandikishwa akiomba. Mtu, awe mume au mke. Miaka saba ni mingi kwa tapeli. Tungewaiga hata kwa hilo moja, mume wangu angekuwa ameshamaliza.

Wala tusijidanganye kwamba ni suala la karatasi. Mwaka 2013 tulikuwa na Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Waliosombwa kama wahamiaji haramu, wengine walikuwa wameishi huku miongo, na ndoa zilikatwa katikati. Mwanamume alivushwa mpaka. Mke, raia halali, alibaki na watoto raia halali na jembe. Ujiji hadi leo ukiwa na jina lenye mnyororo wa Kimanyema unaweza kuulizwa babu yako alizaliwa wapi. Katika kanda hii, mume asiye na uraia ni mume ambaye anaweza kuondolewa siku yoyote serikali ikibadilisha upepo, na mke wake anajua hivyo kila anapofunga mlango usiku.

Mtu asiniambie serikali haina uwezo. Ulyankulu iko mkoa huu huu wa Tabora. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa huko, na pia Katumba na Mishamo, wakalima, wakazaa, wakazeeka. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia wa tajnisi, na kuanzia Oktoba 2014 vyeti vikatolewa. Ni jambo kubwa ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya, na nalisema kwa fahari. Nchi iliyowapokea watu 162,000 inaogopa nini kwa waume wachache wa dada zake?

Tulipokuwa tunaanza, tulikuwa na ujasiri zaidi. Oktoba 1961 bunge la Tanganyika ya kabla ya Uhuru lilijadili muswada wa uraia, na baadhi ya wajumbe walitaka uraia upimwe kwa rangi. Nyerere aliwakatalia kwa hasira, akawa tayari kujiuzulu. Katika serikali ile alikuwamo Chifu Abdallah Said Fundikira, wa ukoo ule ule wa Karunde. Walipigania rangi, na walikuwa sahihi. Jinsia ikapita bila kelele, na kizazi baada ya kizazi imeendelea kupita.

Halafu ikafika 2021. Abdulrazak Gurnah akatwaa Nobel, na sisi tukaamka asubuhi tukiwa na mshindi. Mtu aliyeishi Uingereza tangu ujanani tukamwita wetu, na sikuona kosa. Mimi mwenyewe nilishangilia, na Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, ninayo rafuni. Riwaya ile ni ya msafara unaoingia bara na wageni wanaopima kama watapokelewa. Tulimdai Gurnah bila kuuliza pasi yake ni ya rangi gani, kwa sababu ya riwaya. Mwanamume anayesukuma baiskeli yenye ndoo za maji Kwihara, kilomita chache kutoka kwenye tembe la Livingstone tunalolitunza kwa ajili ya mgeni aliyekaa miezi michache, hatuwezi kumdai kwa sababu ya mke.

Marekebisho yenyewe hayahitaji tume. Katika kifungu cha 11, palipoandikwa mwanamke aliyeolewa na raia, paandikwe mtu aliyefunga ndoa na raia. Wakitaka waongeze miaka, mitano au saba, iwe sawa kwa wote. Kifungu cha 23 kiguswe angalau kwa wanandoa, anayekataliwa aambiwe kwa nini. Wabunge wanawake wa Tabora, Kigoma na Katavi, wa majimbo na wa viti maalumu, mnaweza kuupeleka muswada huo hata kwa hoja binafsi. Mkihitaji mfano wa mtu wa kumtaja bungeni, mtajeni Karunde.